GenBank: tuachieni tusahihishe
Sisi tunaoandika programu huria tumezoea hivi: ukiona hitilafu kwenye programu ya mwenzako, unamtumia marekebisho. Sasa tazama GenBank, hazina ya mipangilio ya DNA iliyoanzishwa Marekani mwaka 1982. Kila mtu anaisoma bure, lakini kwa kawaida rekodi hurekebishwa na aliyeituma peke yake. Wewe utaripoti tu. Je, akistaafu? Akifariki?

Mambo si madogo. Mwaka 2003 watafiti walichunguza makundi kadhaa ya fangasi, wakakadiria kwamba hadi asilimia 20 ya majina ya spishi huenda si ya kuaminika. Na kosa huzaa: mtu analinganisha fangasi wake kwa programu ya BLAST, anapata jina bovu, analiandika kwenye rekodi yake mpya. Kesho ugonjwa wa mimea unatambuliwa vibaya.

Mwaka 2008 wataalamu wa fangasi zaidi ya 200 waliomba ruhusa ya kuweka maelezo kwenye rekodi za wengine. GenBank ilikataa, ikihofia vurugu.

Hofu hiyo naielewa, lakini hainitoshi. Hakuna aliyesema tufute. Acha rekodi ya kwanza ilivyo, weka sahihisho kando, pamoja na jina la msahihishaji na ushahidi wake. Hazina ya UNITE hufanya hivyo kwa fangasi, na haijageuka soko la vurugu.

Data ya umma isahihishwe na umma. Ama wewe msomaji waonaje?