Farasi aliyeshindwa: Udhuru au kisingizio?

ASIYEKUBALI kushindwa si mshindani, walinena wahenga. Katika mbio za farasi, hata hivyo, aliyeshindwa hana kauli. Wanaosema kwa niaba yake ni mmiliki, mkufunzi, mpandaji na, kwa sauti kubwa kuliko wote, yule aliyemwekea pesa. Farasi alibanwa kwenye kona. Alichelewa kutoka getini. Mvua ilinyesha. Uzani ulimlemea. Mpandaji hakumjua vyema.

Kiswahili kina maneno mawili kwa mambo haya, na ni vyema yasichanganywe. Kuna udhuru, yaani sababu ya kweli iliyomzuia mtu kutenda alilopaswa kulitenda. Kisha kuna kisingizio, ambacho ni sababu iliyotafutwa baada ya jambo kuharibika. Kazi nzima ya kumpima farasi aliyeshindwa, hasa kwenye mbio za nyasi ambako kila mmoja hupewa uzani wake, ni kutenganisha haya mawili. Asiyeweza kuyatenganisha huwa anauziwa maneno.

Jambo hili lawahusu wakazi wa Thika na Ruiru kuliko wanavyodhani. Katika miji hii miwili, kama kwingineko nchini, kamari imehama kutoka kwenye vibanda hadi kwenye simu za mkononi, na miongoni mwa michezo inayotolewa mna mbio za farasi. Farasi hao ni wa aina mbili. Kuna wa nyama na damu, wanaokimbia katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi siku za Jumapili wakati wa msimu wa mbio. Kuna pia farasi waliochorwa kwa kompyuta, ambao hukimbia kila baada ya dakika chache, usiku na mchana. Mchezaji anayetumia akili ileile kuwapima wote wawili anajidanganya, na hasara anaibeba mwenyewe.

Uwanja wa Ngong si mbali tena kama ilivyokuwa zamani. Anayetoka Ruiru anaweza kushika barabara ya Eastern Bypass, apite Kamakis penye moshi wa nyama choma, aingie barabara ya Mombasa na kisha Southern Bypass, atokee karibu kabisa na uwanja huo bila kukanyaga katikati ya jiji. Mbio zilihamia huko mwaka wa 1954. Kabla ya hapo zilifanyika upande wa Kariokor, na ndiyo sababu ipo hadi leo Nairobi barabara iitwayo Race Course, ingawa wengi wanaoipita hawajawahi kujiuliza ni mbio gani hizo.

Wanaocheza gofu katika klabu za Thika na Ruiru wana faida moja juu ya wengine, kwani wanajua maana ya kusawazisha ushindani. Katika gofu, mchezaji dhaifu hupunguziwa mapigo ili aweze kushindana na bingwa. Kwenye mbio za farasi mantiki ni hiyohiyo, ila imegeuzwa: bingwa ndiye anayeongezewa mzigo. Afisa anayekadiria uzani huangalia matokeo ya kila farasi, humpa alama, na kutokana na alama hizo huamua nani abebe kilo 60 na nani abebe 52. Nia yake, kwa nadharia, ni kuwaona wote wakifika kwenye utepe pamoja. Mbio kuu kama Kenya Derby, ambayo ni ya mita 2,400 na kwa desturi hukimbiwa Aprili, hazifuati utaratibu huo. Lakini mbio nyingi za kawaida huufuata, na humo ndimo hesabu inamohitajika.

Umbali kati ya farasi mmoja na mwingine hupimwa kwa urefu wa farasi. Kanuni inayotumiwa na wajuzi ni kwamba katika mita 1,600 urefu mmoja hukaribia thamani ya kilo moja. Mbio zikiwa fupi, kilo huhitajika zaidi kuleta tofauti hiyo. Zikiwa ndefu, chache hutosha. Kanuni hii si msahafu, lakini bila ya kipimo kama hicho mtu hubaki akibahatisha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Farasi mmoja wa kahawia alibeba kilo 60 katika mita 1,600, akamaliza wa sita, urefu wa farasi watano nyuma ya mshindi aliyebeba kilo 52. Picha za mbio zinaonyesha kwamba geti lilipofunguka alijikwaa, akapoteza kama urefu wa farasi wawili. Majuma matatu baadaye wanakutana tena. Mshindi ameongezewa uzani hadi kilo 55. Wa kahawia ameachwa na kilo zake 60.

Hesabu inakwenda hivi. Kilo tatu alizoongezwa mshindi ni sawa na urefu wa farasi watatu. Ukijumlisha na mbili zilizopotea getini, pengo lote la tano limefutika. Kwa karatasi, wawili hawa sasa ni sawa kwa sawa, japo orodha ya mbio inamwonyesha mmoja kuwa wa kwanza na mwingine kuwa wa sita. Yule anayesoma namba za nafasi tu, bila kusoma umbali na uzani, atamwona wa kahawia kuwa farasi wa kutupwa.

Lakini kwa nini wa kahawia hakupunguziwa uzani baada ya kumaliza wa sita? Kwa sababu mkadiriaji naye ana macho. Alimwona akijikwaa na akakataa kumzawadia kwa ajali. Udhuru ulioonwa na kila mtu umekwisha kulipiwa: mkadiriaji ameutia kwenye uzani, na wachezaji wenzako wameutia kwenye bei, hata malipo yatakuwa madogo akishinda. Wenye kufaidi ni wale waliouona udhuru ambao wengine hawakuuona.

Na huo hupatikana wapi? Mara nyingi haupatikani kwenye vituko vikubwa. Farasi anayejikwaa huonwa na uwanja mzima. Anayezunguka kona yote akiwa nje ya wenzake watatu au wanne huonwa na wachache, ingawa amekimbia njia ndefu kuliko mshindi. Halafu kuna suala la mwendo. Mbio za nyasi zina tabia ya kuanza polepole na kuamuliwa katika mita 400 au 600 za mwisho. Mwendo ukiwa wa chini mwanzoni, aliye mbele hubaki na nguvu, na aliye nyuma hata akiruka kama swala hatamfikia. Farasi aliyetoka nyuma katika mbio za namna hiyo akamaliza wa nne huenda alikimbia vizuri kuliko mshindi. Kinyume chake, aliyemaliza wa pili kwa kuwa aliongoza bila kusumbuliwa asitarajiwe kupata zawadi hiyo tena.

Hali ya uwanja ndiyo udhuru unaotumiwa vibaya kuliko zote. Ni kweli kwamba nyasi baada ya mvua hubadilika. Mkazi wa Ruiru ambaye viatu vyake vimewahi kunaswa na udongo mweusi mwezi wa Aprili hahitaji kufundishwa jinsi matope yanavyoiba nguvu za miguu. Wapo farasi wenye hatua fupi na kwato pana wanaoupenda uwanja laini, na wapo wenye hatua ndefu wanaouchukia. Hata hivyo, mvua iliwanyeshea wote. Anayesema farasi wake alishindwa kwa ajili ya matope anapaswa kuonyesha kwamba huko nyuma, uwanja ulipokuwa mkavu, farasi huyo aliwashinda wa kiwango hikihiki. Akishindwa kuonyesha hivyo, basi mvua imesingiziwa.

Swali jingine ambalo wachezaji husahau kuliuliza ni iwapo kizuizi kimeondoka. Udhuru wa jana hauna thamani leo kama leo hali ni ileile. Ikiwa alishindwa kwa sababu mita 2,400 zilimzidi, na leo amewekwa tena kwenye mita 2,400, kinachotarajiwa ni nini? Ikiwa alichelewa getini mara moja, ilikuwa ajali. Akichelewa mara tatu kati ya nne, hiyo ni tabia yake, nayo inapaswa kuhesabiwa kama sehemu ya uwezo wake. Kuna farasi wa kubanwa kila Jumapili, na wamiliki wao hawaishiwi hadithi. Kwa kawaida farasi wa aina hiyo hubanwa kwa sababu hana kasi ya kuingia kwenye nafasi inapofunguka.

Historia ya mbio ina kisa kimoja kinachoonyesha jinsi udhuru wa kweli unavyothibitishwa, nacho kina uhusiano wa mbali na Afrika Mashariki. Mnamo Juni 1986, katika Derby ya Epsom, Uingereza, farasi aitwaye Shahrastani alishinda. Mmiliki wake alikuwa Aga Khan wa nne, aliyefariki Februari 2025, na ambaye wasomaji wa magazeti nchini Kenya wanamjua zaidi kama mwasisi wa kampuni ya Nation. Nyuma yake kwa nusu urefu wa farasi alikuwa Dancing Brave, aliyekuwa akipewa nafasi kubwa ya kushinda.

Mpandaji wake, Greville Starkey, alikuwa amemwacha nyuma mno. Walipoingia sehemu ya mwisho Dancing Brave alikuwa na kazi isiyowezekana, na bado nusura aiweze. Lawama zilimwangukia mpandaji. Lakini wiki chache tu baadaye Shahrastani alishinda Derby ya Ireland kwa urefu wa farasi wanane, na wakosoaji wakaanza kunong'ona kwamba pengine Epsom hakukuwa na udhuru wowote. Mshindi alikuwa bora, basi.

Jibu lilikuja Julai, katika uwanja wa Ascot. Dancing Brave, akiwa na mpandaji mwingine, Pat Eddery, alishinda. Shahrastani alikuwa wa nne. Oktoba, mjini Paris, walikutana tena kwenye Prix de l'Arc de Triomphe. Dancing Brave alipita kundi zima kutoka nyuma akashinda, na Shahrastani akawa wa nne kwa mara nyingine. Udhuru wa Juni ulithibitishwa mara mbili, mbele ya mpinzani yuleyule, katika umbali unaokaribiana, baada ya kile kilichomzuia kurekebishwa. Aliyeuamini mwezi Juni alikuwa na sababu. Aliyengoja hadi Oktoba alikuta bei imeshuka.

Novemba mwaka huohuo farasi huyo alipelekwa California, akamaliza wa nne. Sababu zilitolewa: safari, uchovu wa msimu mrefu, tonge la udongo lililompiga jichoni. Huenda zote ni za kweli. Tofauti ni kwamba hakukimbia tena baada ya hapo, kwa hiyo udhuru huo haukupata pa kupimiwa. Hadi leo mashabiki wake wanauamini na wengine hawauamini, na hakuna wa kuwaamua.

Haya yote yanawezekana kwa sababu farasi wa kweli ana jana. Ana miguu inayovimba, ana mapafu, ana mkufunzi anayembadilishia mazoezi. Yule wa kompyuta hana. Matokeo yake huamuliwa na programu inayochagua namba kwa bahati, kulingana na uwezekano uliokwisha kupangwa na ambao tayari umemwachia mwenye mchezo faida yake. Baadhi ya michezo hiyo huonyesha majina, rangi za mavazi ya wapandaji na hata matokeo ya nyuma, kana kwamba kuna la kujifunza humo. Halipo. Farasi namba tano aliyeshindwa mara sita mfululizo hajakaribia kushinda, wala hakubanwa kwenye kona, kwa maana hapakuwa na kona. Udhuru wake umechorwa pamoja naye.

Kijana wa Thika anayekaa na daftari akiandika mfululizo wa namba zilizoshinda anafanya kwa bidii kazi ambayo ingemfaa kwingine. Ana subira, ana kumbukumbu na anajua kulinganisha. Kinachokosekana ni kitu chenyewe cha kulinganishwa.

Serikali kwa upande wake imeshughulikia zaidi mfuko kuliko maarifa. Sheria ya Fedha ya 2025, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, iliweka ushuru wa asilimia 5 kwa pesa zinazotiwa kwenye akaunti ya kamari na kodi ya asilimia 5 kwa zinazotolewa. Maana yake ni kwamba anayetia Sh1,000, akabadili nia na kuzitoa bila kucheza hata mara moja, hubaki na takriban Sh902. Mwezi mmoja baadaye ilitiwa sahihi sheria mpya ya kudhibiti kamari, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966. Imegusa leseni, matangazo na umri wa wachezaji. Kumweleza mchezaji tofauti kati ya farasi aliye hai na mchoro kumeachiwa mchezaji mwenyewe.

Farasi aliyeshindwa Ngong Jumapili hurudishwa zizini, miguu yake ikapapaswa kutafuta joto la jeraha, na mkufunzi akamuuliza mpandaji kilichotokea. Mkadiriaji naye hukaa na picha za mbio, akaamua kama atampunguzia kilo mbili au hapana. Yule wa kwenye skrini, kufikia hapo, ameshakimbia mara mia kadhaa.