JINA LA TOVUTI YETU LIWE LA KISWAHILI

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Msomaji mpendwa, methali hii imenijia mara nyingi tangu wanachama wa chama chetu waanze kuvutana kuhusu jina la tovuti tunayokusudia kuifungua. Wapo wanaotaka jina la Kiingereza, ati ndilo la kisasa. Wapo wanaotaka Kiswahili4U. Wengine wangependa jina la chama, la shule na hata la kaunti yaunganishwe yote, mradi kila mtu aridhike. Mimi nina maoni tofauti, nami nitayatoa bila kupepesa macho.

Kwanza, jina liwe la Kiswahili. Jamani, chama cha kutetea Kiswahili kitajitambulishaje kwa lugha nyingine? Mwacha asili ni mtumwa. Wanaodai kwamba Kiswahili hakitatufikisha mbali na waitazame Ushahidi. Tovuti hiyo ilifunguliwa na Wakenya mwezi wa Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ili wananchi waripoti maovu waliyoyaona. Mwaka wa 2010, tetemeko la ardhi lilipoikumba Haiti, programu hiyo hiyo ilitumika kuonyesha kwenye ramani mahali palipohitaji msaada. Je, jina lilibadilishwa ili lieleweke huko? Wapi! Lilibaki Ushahidi.

Pili, liwe fupi na rahisi kuandika. Anwani ya tovuti haina nafasi baina ya maneno, wala haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Kanuni zinaruhusu hadi herufi 63 kati ya nukta na nukta, lakini nani atakumbuka chamachakiswahilichashuleyetu? Kipimo changu ni hiki: mtajie nyanya yako jina hilo kwa simu mara moja tu. Akiliandika sawasawa, limefaa. Hiyo Kiswahili4U ataiandika vipi? Na sisi vijana tunaoandika "xaxa" badala ya "sasa", tuweke mambo hayo kando. Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, na hiyo ni bahati ambayo Kiingereza hakina. Ila tujihadhari na ng' yenye ritifaa, kwa maana ritifaa haikubaliki katika anwani. Tukijiita Ng'ara, itabidi tuandike ngara, na wageni watadhani tunauzungumzia mtaa wa Ngara kule Nairobi!

Tatu, mwisho wa jina uonyeshe kwetu. Majina ya Kenya huishia kwa .ke, na hugawanywa kulingana na kazi: .co.ke ni ya biashara, .or.ke ni ya mashirika yasiyotafuta faida, na .sc.ke ni ya shule. Tukichukua hilo la shule, mgeni atatutambua papo hapo.

Hatimaye, kuna jambo ambalo katika mabishano yetu halijatajwa hata kidogo. Jina la tovuti halinunuliwi likawa lako milele. Hulipiwa kwa muda, kisha hulipiwa tena. Ada isipolipwa, jina huachiliwa na mtu yeyote anaweza kulichukua. Sasa basi, likiandikishwa kwa barua pepe ya mwanafunzi mmoja, akimaliza shule ataondoka na nywila yake, na ilani ya malipo itamfuata huko aliko. Mashairi na insha zetu za miaka mingi hazitafikika tena, na pengine pale pale patatangazwa kamari! Heri liandikishwe kwa jina la shule, mlezi wa chama awe na nywila, na ada iwekwe katika bajeti ya kila mwaka.

Wenzangu, sisi tunapita, chama kitabaki. Tuwaachie wadogo zetu jina wanaloweza kulitamka kwa fahari, tena lililo mikononi mwao. Kiswahili kitukuzwe!