Fizi Zikitoa Damu, Usiutupe Mswaki



Hapa Ogwedhi hakuna mtu anunuaye ng'ombe kabla ya kumfunua kinywa. Lakini mtu huyo huyo, akitema damu asubuhi apigapo mswaki, husema, "Si kitu," kisha huuweka mswaki kando ili fizi zipumzike. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo miezi mingi, ingawa nilisomea ualimu na kuwafundisha watoto usafi. Jino langu moja limekwisha kwenda kwa uzembe huo.

Basi nasema wazi: damu hiyo ni dalili ya ugonjwa, na kuacha mswaki ni kuulisha. Kayongo waijua. Ikichomoza na maua yake ya zambarau, mizizi ya mahindi imekwisha kunyonywa chini ya udongo siku nyingi. Ugonjwa wa fizi ni vivyo hivyo. Utando wa vijidudu hushika penye shina la jino. Usipoondolewa hugeuka ukoga mgumu kama jiwe. Fizi huvimba, na kinywa hunuka. Halafu ugonjwa hushuka chini na kula mfupa ulioshika jino, mara nyingi bila maumivu. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe.

Wengine husema kupoteza meno ni uzee tu. Sivyo. Wazee wetu Wajaluo waliondolewa meno sita ya chini kwa mila, kwa kutaka. Haya yetu yaondoka kwa kutojali.

Dawa ya mapema ni rahisi. Tumia mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Sugua taratibu pale fizi inapokutana na jino. Damu ya siku za kwanza isikutishe; mara nyingi hupungua kwa juma moja au mawili. Isipopungua, au jino likitikisika, nenda kwa daktari wa meno akwangue ukoga, maana mswaki hauuwezi. Usingoje siku ya kung'oa.

Nasi wa Migori, tuliozoea kulima tumbaku, tujue jambo hili: mvutaji huharibikiwa fizi zaidi, na pengine damu haionekani, asijue kuwa yu mgonjwa. Mwenye kisukari naye ajihadhari sana.

Ng'ombe akiacha kula, humwita daktari wa mifugo siku ile ile. Kesho asubuhi basi, ukisha kupiga mswaki, tazama ulichotema.