Kura Tisa za Colorado



Kila mara Marekani inapomchagua Rais, swali moja hurudi katika mazungumzo yenu: yawezekanaje mtu apate mamilioni ya kura katika jimbo fulani, kisha ahesabiwe kana kwamba hakupata hata moja? Swali hilo ni la haki. Twapenda kulijibu kwa kulitazama jimbo moja lililopewa nafasi ya kubadili utaratibu huo, likakataa.

Raia wa Marekani hawamchagui Rais moja kwa moja kama tufanyavyo sisi Wakongomani. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe wachaguzi, sawa na jumla ya wabunge na maseneta wake. Wote pamoja ni 538, na apataye 270 ndiye Rais. Namna ya kuwapata wajumbe hao, Katiba imeliachia bunge la kila jimbo. Leo majimbo 48 yameamua kwamba anayeongoza, hata akimzidi mwenzake kwa kura moja, huwachukua wote. Ndiyo sababu mwaka 2024 Donald Trump alipata kura zaidi ya milioni sita katika California na asipewe mjumbe hata mmoja kati ya 54. Naye Kamala Harris alipata zaidi ya milioni nne na nusu katika Texas, akatoka mikono mitupu mbele ya wajumbe 40.

Mwaka 2004 wananchi wa Colorado waliulizwa kwa kura ya maoni kama wajumbe wao tisa wagawanywe kwa uwiano wa kura. Njia hiyo si ngeni kwenu: hapa kwetu, katika maeneo ya uchaguzi yenye viti vingi, wabunge wa taifa hupatikana kwa orodha kulingana na kura, na viti vinavyobaki huenda kwa wenye salio kubwa zaidi. Colorado ingefanya hesabu ya namna hiyo, na mgawanyo wa mwaka ule ungekuwa watano kwa wanne. Karibu theluthi mbili ya wapiga kura walisema hapana.

Je, waliichukia haki? Hatudhani hivyo. Fikirini jimbo lenye kura tisa ambazo mgombea anaweza kuzishinda zote au kuzikosa zote: atakuja, atasikiliza, atatoa ahadi. Zikigawanywa, wagombea wawili watakuwa wanapigania kura moja au mbili tu za kuzidiana, nao watakwenda kwingine. Colorado ingejipunguzia uzito peke yake, huku majirani wakibaki na wao wote. Zaidi ya hayo, pendekezo lilitaka kanuni mpya itumike katika uchaguzi wa siku ileile. Sisi tuliofundishwa ualimu tunajua kwamba namna ya kusahihisha mtihani haibadilishwi wanafunzi wakiwa wamekwisha kuinama juu ya karatasi.

Tena kila mtu alikuwa akikumbuka mwaka 2000. George W. Bush alipata kura 271 za wajumbe, moja tu juu ya kiwango. Colorado wakati ule ilikuwa na wanane, wote wakawa wake. Uwiano ungempa watano, naye angebaki na 268. Basi wafuasi wake waliliona pendekezo kama mtego, na wapinzani wake kama dawa. Wachache walilipima kama kanuni.

Hofu hii ni ya zamani. Mwaka 1796 Thomas Jefferson alishindwa na John Adams kwa kura 71 dhidi ya 68, na mjumbe mmoja wa Virginia, jimbo lake mwenyewe, alimpigia Adams. Mwaka 1800 Virginia iliacha kuchagua kwa wilaya, ikaweka utaratibu wa mshindi kuchukua wote. Jefferson alimwandikia James Monroe kwamba njia ya wilaya ingekuwa bora kama wote wangeifuata, lakini ni upumbavu kuifuata wakati wengine hawaifuati. Massachusetts nayo, kwa upande wa Adams, ikabadili utaratibu wake. Tunasikitika kusema kwamba hoja ya Jefferson ilikuwa ya kweli, ingawa aliitoa akiwa na faida yake mkononi.

Kwa hiyo tungalikuwa raia wa Colorado mwaka ule, tungalipiga kura ya hapana, tena kwa moyo mzito. Uwiano wenyewe ni wa haki, na una ubora mmoja juu ya ugawaji wa kiwilaya: hakuna awezaye kuuharibu kwa kuchora upya mipaka. Mwaka 2012 Barack Obama alishinda Pennsylvania, lakini Mitt Romney aliongoza katika wilaya 13 kati ya 18. Tunachokataa ni jimbo moja kutoa sadaka ambayo faida yake huenda kwa chama cha upande wa pili. California na Texas zikikubaliana kugawanya siku moja, kila chama kitapoteza na kila kimoja kitapata. Hapo tungaliunga mkono bila kusita. Twatambua kwamba wakubwa hawaachi kwa urahisi kile wanachokishika chote.

Na bado kuna Nebraska, inayotuaibisha kidogo katika hoja yetu. Jimbo hilo, kama Maine, hutoa wajumbe wawili kwa mshindi wa jimbo na mmoja kwa mshindi wa kila wilaya. Mwaka 2024 chama chenye nguvu huko kilitaka kuufuta utaratibu huo kabla ya uchaguzi, na kiongozi mmoja wa bunge la Maine akaonya kwamba wao wangejibu kwa kufanya vivyo hivyo: Virginia na Massachusetts tena, baada ya zaidi ya miaka mia mbili. Seneta mmoja wa jimbo, Mike McDonnell, wa chama kilekile, alikataa, na mpango ukaanguka. Watu wa Omaha waliweka mbele ya nyumba zao vibao vyeupe vyenye duara moja la buluu. Harris akaipata kura ile moja, ingawa hakupata urais.