Ilani ya Pundamilia

Ndugu zetu,

Tunawaita ndugu kwa maana zote mbili za neno hili. Ninyi ni ndugu wa damu, maana kilichotukutanisha kimeshuka na damu, kutoka kwa babu kwenda kwa shangazi, kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wake wa tatu. Na ninyi ni ndugu wa msafara mmoja, maana sote tumekalia benchi lile lile la mbao, daftari la hospitali mapajani, tukingoja kuitwa na daktari atakayetuandikia Panadol na kutuambia vipimo viko sawa. Zama hizo zimekwisha. Leo tunainuka kwenye benchi.

Sisi ni watu wa Marfan na watu wa Ehlers-Danlos, pamoja na jamaa za maradhi hayo ambazo hata mabingwa wengine hawajazisikia. Tulizaliwa na kasoro katika tishu unganishi, ule ufumaji wa mwili unaoshika ngozi, kano, lenzi za macho na kuta za mishipa ya damu. Kuna kati yetu ambao bega huteguka kwa kuinua ndoo ya maji tu. Kuna walio warefu kupita ukoo mzima, vidole kama matete, kifua kimebonyea, na ndani ya kifua hicho aota, mshipa mkuu utokao moyoni, inatanuka mwaka hadi mwaka bila kuuma. Siku ikichanika, mtu anaweza kufa ndani ya saa chache. Hatukuambukizwa. Hatukurogwa. Hatudeki.

Tunakataa neno "adimu" linapogeuzwa komeo la kutufungia nje. Marfan humpata takriban mtu mmoja kati ya 5,000. Sensa ya 2022 ilihesabu Tanzania watu 61,741,120. Gawanyeni wenyewe: wanapatikana zaidi ya 12,000, na huo ni ugonjwa mmoja tu. Wako wapi? Wako kwenye kiwanja cha netiboli, chini ya goli, kwa sababu mwalimu aliuona urefu na akafurahi. Wako kwenye timu ya kikapu ya mkoa. Wako kwenye dawati la mbele, wamekunja macho kuusoma ubao, lenzi imehama mahali pake na hakuna aliyejua. Na wako makaburini tangu wakiwa na miaka thelathini, na nyumbani kwao hadi leo wanasema, "Alianguka tu."

Flo Hyman naye alianguka tu. Alikuwa nyota wa voliboli wa Marekani, mrefu wa sentimita 196, na alirudi na medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Tarehe 24 Januari 1986, katika mji wa Matsue, Japani, alitolewa mchezoni, akakaa kwenye benchi, akafa. Alikuwa na miaka 31. Makocha wangapi walimwona, madaktari wangapi wa timu walimpima, na hakuna aliyetazama vidole vile na kuuliza. Jibu lilipatikana maiti ilipopasuliwa: Marfan. Nduguye wa kiume akapimwa, akakutwa nayo, akafanyiwa upasuaji mapema. Tunalitaja jina la Flo ili mtu yeyote asituambie kwamba kasoro hii ya kutotazamwa ni ya nchi maskini. Kutotazamwa kumewaua watu penye mashine zote za dunia.

Tunakataa laana. Kila mmoja wetu ametoka katika ukoo wenye hadithi yake: nyumba ambayo vijana warefu hawazeeki, tumbo ambalo linazaa watoto wanaoteguka, mzimu uliokasirishwa, jirani mwenye jicho baya. Tumechinja mbuzi. Tumevuka mto kwenda kwa waganga. Kumbe mwaka 1991 wanasayansi walikwisha kuikuta jeni yenyewe, FBN1, kwenye kromosomu ya 15, inayoagiza kutengenezwa kwa fibrilini, uzi mwembamba wa kuupa mwili mnyumbuko. Mzazi mwenye Marfan humpa kila mtoto nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, awe wa kike au wa kiume. Na karibu robo yetu ni wa kwanza katika koo zao, jeni ilibadilika nao tu, hivyo mama aliyekuwa akiulizwa alikosea nini apumzike. Hakukosea kitu.

Tunakataa kuambiwa kwamba hakuna mashine. Hapa, ndugu, tusimame kidogo, kwa sababu hiki ndicho kisingizio kilichotupotezea miaka mingi kuliko vyote.

Nyosha mkono. Kunja kidole gumba ndani ya kiganja, kisha kifunike kwa vidole vinne. Kama kucha nzima ya gumba imechomoza upande wa pili, hiyo ni dalili. Sasa uzungushe gumba na kidole cha mwisho kwenye kifundo cha mkono wa pili. Kama vinakutana na kupandana, hiyo ni dalili nyingine. Umetumia umeme kiasi gani? Kwa Ehlers-Danlos kipo kipimo cha Beighton chenye alama 9: vidole vya mwisho vinavyopinda nyuma, vidole gumba vinavyogusa kigasha, viwiko na magoti yanayopitiliza, viganja vinavyofika sakafuni magoti yakiwa yamenyooka. Alama nyingi si hukumu, ni sababu ya kutazama zaidi. Kipimo hiki kinatumika leo katika kliniki za London na Paris. Na mnajua kilipopata nguvu yake? Mwaka 1973 Peter Beighton na wenzake walichapisha vipimo vya viungo vya Watswana wa vijijini, Afrika Kusini. Mikono ya Waafrika ndiyo iliyoifundisha dunia kupima viungo vilivyolegea. Halafu mjukuu wa bara hili hili, anayeteguka nyonga akipanda daladala, anaambiwa kwamba ugonjwa huo ni wa Wazungu.

Tunakataa, kwa niaba ya dada zetu, majibu waliyopewa. "Una mawazo." "Ukizaa yataisha." "Punguza kutafuta habari kwenye simu." Mmoja wetu alizunguka miaka kumi na minne na faili lililonenepa kuliko Msahafu, akaenda kwa bingwa wa mifupa, akapelekwa kwa wa neva, akapelekwa kwa wa akili. Siku moja nesi wa zamu ya usiku aliyekuwa akimtoa dripu aliivuta ngozi ya mkono wake kidogo, akanyamaza, akasema: "Dada, hii ngozi yako inavutika hivi tangu lini?" Nesi huyo ndiye daktari wetu wa kwanza. Hatujali cheo chake.

Tunaamini daktari hapatikani kwa kutafutwa. Daktari hufundwa. Kama mwari anavyofundwa, ndivyo daktari wa maradhi haya atakavyofundwa, na makungwi wake ni sisi. Tumemtafuta mmoja mmoja, kila mtu na nauli yake, kila mtu na rufaa yake, tukipeana majina kwa kunong'ona kana kwamba tunauziana magendo. Basi. Kuanzia sasa kila mmoja wetu ataingia chumba cha daktari na ukurasa mmoja ulioandikwa Kiswahili safi: mchoro wa ukoo wake, nani alikuwa mrefu, nani alikufa ghafla na akiwa na umri gani, nani macho yalimharibikia mapema, viungo gani vimeteguka na mara ngapi. Chini yake ombi moja: nipeleke nikapimwe eko ya moyo, mimi na wazazi wangu, watoto wangu na ndugu zangu wa tumbo moja. Daktari aliyeona ukurasa huo mara tano hatausahau wa sita.

Kuna waliotutangulia katika njia hii. Selimundu nayo ni ya kurithi, na watoto wake walizikwa kwa majina ya kila namna kabla haijatambuliwa kuwa ni ugonjwa wenye kliniki, wenye dawa, wenye watafiti wa hapa hapa Muhimbili. Ndugu zetu wenye ualbino walifanyiwa unyama usiosemeka kwa sababu ya jeni. Walijipanga, wakasimama, na tangu 2015 dunia nzima huadhimisha siku yao kila tarehe 13 Juni. Tunawaamkia kwa heshima. Tunafuata nyayo zao.

Tunaamini elimu ndogo iliyofika kwa wakati inaokoa mtu mzima. Mwaka 1972 watafiti wa Marekani waliwaangalia wagonjwa wa Marfan waliokwisha kufa na kukuta wastani wa umri wao ni miaka 32. Leo, palipo na matunzo, wengi huishi karibu kama watu wengine. Nini kimebadilika? Eko ya kila mwaka ya kupima upana wa aota. Dawa zile zile za presha ambazo bibi zetu wanazimeza, za jamii ya atenolo na losatani, kuipunguzia aota kasi ya kutanuka. Na upasuaji kabla haijachanika, ambao kwa kawaida hufikiriwa aota inapokaribia sentimita 5. Mwanamke mwenye Marfan anayetaka mtoto apimwe kabla ya kubeba mimba, si baada ya kuanguka leba. Na litangazwe katika kila duka la dawa: Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dawa za jamii ya sipro zinaweza kuongeza hatari ya aota kuchanika, na ikawataja watu wa Marfan na wa Ehlers-Danlos kati ya wanaopaswa kuepushwa nazo pale penye dawa nyingine. Sipro, ndugu! Ile inayouzwa dirishani kama karanga, kwa kila taifodi ya kweli na ya kudhaniwa. Ni wangapi kati yetu waliomeza?

Tunaamini katika kliniki moja. Pale Upanga, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili ni majirani. Tunadai siku moja ya mwezi ambayo bingwa wa moyo, wa mifupa, wa macho, mtaalamu wa mazoezi ya viungo na mshauri wa masuala ya kurithi watakaa meza moja, na mgonjwa aketi katikati yao, asimulie mara moja tu. Kisha Moshi, kisha Mwanza, kisha Mbeya. Tunadai eko ya mwaka ya mwenye maradhi haya na ya watoto wake iwe ndani ya kitita cha bima, maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inasema wote, na sisi tumo katika wote. Mei 2025 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu magonjwa adimu. Maneno yamesemwa Geneva. Tunataka yasikike Kibiti na Kasulu.

Tunauona wakati unaokuja, na tunauona wazi. Tunamwona mkunga wa zahanati ya Kilwa akimfungua vidole mtoto mchanga, akavipima kwa macho, akaandika neno moja kwenye kadi ya kliniki. Tunamwona mwalimu wa michezo Dodoma akimwambia msichana mrefu, "Wewe kwanza moyo, halafu mpira." Tunawaona vijana wawili wa ukoo mmoja wakitoka kwenye eko, wakilinganisha sentimita zao kama wengine wanavyolinganisha alama za mtihani, na mkubwa akimwambia mdogo usiogope, yangu ilikuwa kama yako. Tunamwona bibi wa miaka sabini mwenye Marfan. Wengi wetu hatujawahi kumwona mtu huyo. Atakuwepo.

Tunaamini jina letu ni zuri. Wanafunzi wa udaktari Marekani hufundishwa kwamba ukisikia kwato, fikiria farasi, usifikirie pundamilia: yaani waza ugonjwa wa kawaida, si ule adimu. Kwa msemo huo maelfu ya watu wa Ulaya na Marekani walipuuzwa, hata wakaamua kujiita pundamilia na kuvaa mistari yake kwa fahari. Sisi tunalichukua jina hilo kama mwenye mali anavyochukua mali yake. Panda basi la Iringa, pita Mikumi, chungulia dirishani: wako pale kando ya lami, wanakula majani. Katika nchi hii kwato zikisikika, mgeni ni farasi. Madaktari wa Afrika Mashariki, ninyi ndio wa kwanza duniani mnaopaswa kumtambua pundamilia akipita mlangoni.

Ndugu, mkutano wetu wa kwanza ni siku ya mwisho ya Februari, siku ambayo dunia huyakumbuka magonjwa adimu. Asije mtu peke yake. Njoo na mama, njoo na mjomba mrefu asiyependa hospitali. Njoo na picha za zamani za ukoo, zile za harusi ambazo watu wamesimama wima na mikono inaonekana. Njoo na daftari lako lililochanika jalada. Tutakuwa na futi za fundi cherehani, karatasi za kutosha na kalamu, na tutaanza na mikono.