Daftari la Pili la Muuguzi

Mtoto akifariki wodini usiku, muuguzi wa zamu huandika katika faili saa ya kifo, dawa alizopewa mgonjwa na jina la daktari aliyeitwa. Asubuhi humkabidhi mwenzake zamu, akaenda zake nyumbani. Kilio cha mama, na swali linalomwandama muuguzi njiani, "Je, ningaliweza kufanya zaidi?", havina mahali katika faili hilo. Wala havipaswi kuwamo, kwani faili ni la mgonjwa. Basi viandikwe wapi?

Mwaka 1986, huko Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall walichapa matokeo ya jaribio walilofanya kwa wanafunzi 46 wa chuo kikuu. Waliwagawa katika mafungu manne, kila mmoja akaandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Fungu la kwanza liliandika mambo ya kawaida yasiyo na uzito. La pili liliandika matukio tu ya mkasa uliowahi kuwapata. La tatu, hisia zao tu. La nne, matukio pamoja na hisia. Mara baada ya kuandika, wanafunzi wa fungu la nne walikuwa na huzuni kuliko wale wa kwanza. Hata hivyo, katika miezi sita iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Walioandika matukio peke yake hawakutofautiana sana na fungu la kwanza.

Msomaji atambue kwamba matukio peke yake ndiyo lugha ya faili la hospitali.

Daktari Rita Charon wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwaagiza wanafunzi wake wa udaktari waandike, kando ya faili, yale ya mgonjwa yasiyoweza kuingia humo, kisha wasomeane.

Wapo watakaosema kuwa muuguzi hodari huufunga moyo wake. Mimi naona kwamba moyo uliofungwa mno hatimaye haumsikii hata mgonjwa. Wengine watasema kuwa wanafunzi 46 ni wachache, nao si wauguzi. Hilo ni kweli. Na majaribio mengi yaliyofuata yameonyesha kuwa manufaa haya, kwa wastani, ni madogo. Daftari halitaongeza wauguzi wodini, wala si badala ya mapumziko au ya mshauri kwa aliyelemewa. Lakini gharama yake ni kalamu na nusu saa.

Kwa hiyo napendekeza vyuo vya uuguzi vitenge nusu saa hiyo kila juma, pasipo alama, pasipo kulazimishana, na pasipo kutaja jina la mgonjwa. Nanyi walimu wa sekondari, miongoni mwa wanafunzi wenu wamo wauguzi wa kesho. Wafundisheni tangu sasa kwamba kuandika "niliogopa" si udhaifu.