Mlipeni Aliyewapa Mali Kauli

Ndugu zangu wenye maduka wa Hirbadaw, kila tukikutana kilio ni kile kile: siku ya mnada wateja wanawahama, bodaboda inawapeleka Katesh, na vijana wanaagiza viatu kwa simu. Ni kweli, soko limegeuka. Lakini nawasihi mtazame kwanza nyuma ya kaunta zenu.

Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa ya Kenya, ilianzia Nakuru kwa magodoro, ikafikisha matawi zaidi ya 60 katika nchi nne, Tanzania ikiwemo, ambako mwaka 2014 ilichukua maduka ya Shoprite. Mtu aliingia kununua mkate akatoka na friji. Kufika mwaka 2017 rafu zake zilikuwa zikibaki wazi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Ilijitanua kwa fedha za kukopa hadi madeni yakapita shilingi bilioni 30 za Kenya. Waleta bidhaa walipokosa kulipwa wakaacha kuleta, na mteja akaenda kwingine.

Wazee wanaikumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976, maduka ya watu binafsi yalipofungwa ili vijiji viwe na ya ushirika. Hapakuwa na simu ya kushindana nayo, na bado mengi yalikwama kwa kukosa bidhaa.

Kwa hiyo ukichukua sukari na sabuni kwa mali kauli, ujue fedha iliyomo kwenye droo si yako yote. Usiinunulie pikipiki. Mpelekee mwenye mali chake, naye atakupa tena hata mwezi ambao bei imepanda.

Nasi wateja tuna sehemu yetu, na hili linaniuma zaidi. Masika barabara ikiwa tope, ni duka la jirani linalotuandikia chumvi na mafuta ya taa. Mgonjwa akizidiwa usiku, ni dirisha lake tunaligonga kuomba sukari ya uji. Halafu mavuno yakifika tunapita mbele yake na fedha mkononi, tukimpelekea taslimu mchuuzi wa mnadani ambaye hata jina letu halijui. Jirani anabaki na daftari, naye atamlipa nini muuzaji wa jumla?

Mwaka huu, ukishauza mahindi, pitia kwanza pale ulipoandikwa. Omba daftari lifunguliwe mbele yako, jina lako likatwe, ndipo uende mnadani.